Meli Imeondoka, Baiskeli Zimebaki kwa Shangazi

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua ya asubuhi imeacha madimbwi, jua limepoa, na mimi niko Msambweni. Sikutakiwa kuwa Msambweni. Saa hizi nilitakiwa kuwa baharini, juu ya kitanda cheupe chenye mito sita, nikielekea Shimoni na mume wangu.

Mume wangu! Leo ni siku ya sita na bado nalirudia neno hilo kimoyomoyo, kama mtu aliyepewa pipi na hataki kuimung'unya iishe.

Lakini moyo unanidunda, na si kwa mapenzi peke yake. Nimevaa leso ya mtu mwingine. Nguo zangu ziko kwenye meli, na meli imekwenda.

Wacha nianze mwanzo.

Nafanya kazi ya dobi katika hoteli moja kule Diani. Wiki mbili kabla ya harusi yetu, wageni wawili wazee walighairi safari yao ya meli ya utalii, ile ndogo inayotoka Mombasa na kutia nanga hapa na pale pwani ya kusini mpaka Vanga, kisha ikarudi. Meneja akasema nafasi haiwezi kupotea bure na hapa ndani kuna bibi harusi anapiga pasi shuka za wenzake. Nililia mbele ya mashine ya kufulia. Tsuma nilipompigia simu hakuuliza chumba kikoje wala chakula kikoje. Aliuliza kama meli ina baiskeli.

Ilikuwa nazo nane, zimefungwa kwenye sitaha.

Mnaosoma shajara hii mtandaoni mnajua Tsuma alivyo na baiskeli. Ndiyo aliyonichumbia nayo. Basi tukapanga: kila kituo abiria wanapewa saa moja na nusu hivi ya kushuka. Wenzetu wakishuka kununua vikapu na kupiga picha, sisi tutapanda baiskeli. Dakika ishirini, dakika arobaini, kadiri tutakavyojaliwa.

Jumanne tulipita Diani, barabara ileile ninayoikanyaga kwa miguu kila siku nikienda kazini. Sikuitambua! Miti ilikuwa mirefu zaidi, mbega walikuwa wananitazama mimi. Wenzangu wa dobi walikuwa langoni wakapiga kelele, "Madamu, shuka zako tubadilishe saa ngapi?" Nilicheka hadi nikakaribia kuanguka. Jana tulishuka Gazi, tukazunguka kando ya mikoko, Tsuma mbele akiimba, mimi nyuma nikimsikiliza na kujiuliza nilimfanyia nini Mungu.

Leo asubuhi ikawa Msambweni.

Hapa lazima nieleze jambo. Msambweni anaishi Shangazi Mbeyu. Tsuma ni mtu wa Kinango, lakini mama yake alipofariki yeye akiwa darasa la tatu, huyu shangazi yake aliyeolewa huku ndiye aliyemchukua. Alimlisha, akamsomesha, akamchapa ilipobidi. Na hakuja harusini. Tulimwekea kiti safu ya mbele kanisani, kikabaki kitupu hadi baraka ya mwisho. Tangu miezi kabla ya harusi, kila nilipouliza habari zake, Tsuma alisema shangazi hataki mkwe wa bara. Baba yangu alitoka Ukambani kuja kufanya kazi hotelini, mimi nimezaliwa Ukunda, lakini ubara, nilidhani, hautoki kwa kuzaliwa. Ati shangazi husema wabara wanapita watu kama wanapita miti, hawana salamu.

Sikuwahi kumwona ana kwa ana. Nilichotaka kuliko meli, kuliko mito sita, ni siku moja aniite mwanangu.

Tulipokuwa kwenye boti ya kutuleta ufukweni nilimuuliza Tsuma, "Tutapita kwake?" Akashtuka. Shangazi hatembelewi kwa dakika tano, alisema, tena kwa kaptura. Tutakuja siku nyingine, na sukari na leso, tukae. Nikaona ana heshima kubwa. Ili tusipite mlangoni kwake, tukachagua kijia cha nyuma.

Nahodha wa boti alituonya: saa sita kamili muwe ufukweni. Maji yakishatoka, boti haivuki mwamba, na meli haingoji.

Basi tukaenda mbio. Nilivaa suruali ya mazoezi, miwani ya jua na helmeti ya njano ya meli. Njia ilikuwa na matope matamu ya kuteleza. Tukafika kwenye bomba la maji, wanawake kama sita wamekaa juu ya madumu yao. Mimi nilikuwa namfukuza Tsuma, nacheka, furaha imenijaa mpaka kooni. Nikainua mkono mmoja nikawapigia kelele:

"Jambo!"

Jambo. Ile tunayowapa watalii. Watu wazima wa rika la mama yangu, na mimi nikawatupia jambo kama karanga.

Nyuma yetu sauti ikaita, nzito, bila haraka. "Tsuma."

Tsuma alifunga breki zote mbili. Mimi nikamwingia kwa nyuma, nikaishia kwenye ua wa makuti. Nilipoinua kichwa, uso wa mume wangu ulikuwa umebadilika rangi.

"Ni shangazi," alisema.

Wanawake walikuwa wameshaanza. "Nami nasema, watalii gani hawa wenye magoti ya kwetu!" Mwingine akaniuliza, "Bibi, mbona mbio? Mmeiba?" Mwingine: "Ndiye mkwe huyu, Mbeyu? Ametupa jambo kama tunauza vinyago!" Walicheka wote isipokuwa mmoja, mwembamba, aliyekaa wima juu ya dumu la bluu.

Nilivua helmeti. Nikaenda kwa kila mmoja, nikainama, shikamoo, shikamoo. Wakaitika marahaba, mmoja akanifuta matope kwenye kiwiko. Nikafika kwa wa mwisho.

"Shikamoo, shangazi."

Akanitazama. Akatazama viatu vyangu. Akainuka na kujitwisha dumu lake.

Hakuitikia.

Sijawahi kupigwa kofi maishani, lakini nadhani hivyo ndivyo linavyokuwa: kwanza husikii kitu.

Tsuma akanivuta mkono. Zimebaki dakika ishirini na mbili, alisema, twende, tutarudi Jumapili na mzigo kamili, tutaomba msamaha vizuri. Naye alikuwa karibu kulia. Nami nilimpenda sana pale, na nikamwambia hapana. Nilijua kwamba tukipanda baiskeli zile tukaondoka, shangazi atakuwa amesema kweli juu ya wabara, na Jumapili haitafuta kitu.

Nilimkimbilia shangazi nikamwomba dumu. Akaniachia. Nikataka kulifunga nyuma ya baiskeli, kumbe baiskeli za watalii hazina keria! Nikalitwika kichwani. Tangu nilipoanza kutumia mashine za hoteli sijabeba maji, shingo ikaniuma, nusu yake ikanimwagikia. Shangazi alitembea nyuma yangu, na nyuma yake Tsuma akisukuma baiskeli mbili, akitazama saa.

Nyumbani kwake alitutandikia mkeka. Akatupa maji ya kunywa. Kisha akakaa, akaniangalia mimi, si Tsuma, akasema maneno yake ya kwanza kwangu: "Haya. Habari za mtokako."

Nilidhani ni salamu tu. Nikasema nzuri. Tsuma akaninong'oneza kwamba sivyo. Kwao mgeni akishakunywa maji huzitoa habari zake zote, tangu alikotoka mpaka alipofika, nani mgonjwa, nani amezaa, njia ilikuwaje. Harukishi. Na mwenyeji hamkatizi.

Nikaanza. Nilimweleza mama yangu na miguu yake. Nikamweleza Jumamosi, siku ya harusi: mvua iliyokuja na kuondoka, ndugu yangu aliyesahau pete nyumbani, pilau iliyoungua chini, Tsuma alivyotetemeka mpaka mchungaji akamwambia avute pumzi. Nikamweleza kile kiti. Nilisema kilikuwa cha plastiki, tumekivika kitambaa cheupe, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata mjomba aliyeumwa mgongo.

Honi ya meli ikalia.

Tsuma akainuka. Shangazi hakugeuka, aliendelea kunitazama mimi, kama mtu anayengoja neno linalofuata. Tsuma akakaa. Nami nikaendelea: meneja, meli, Diani, Gazi, kijia cha nyuma na kwa nini tulikichagua. Nikamaliza na jambo langu pale bombani. Nilisema nimezoea kuwaambia wageni, na kwamba nimeona aibu. Honi ililia tena, mbali zaidi, na nilikuwa nalia pia.

Ndipo yeye akatoa zake, maana mwenyeji naye hutoa.

Mbaazi zimeshika vizuri. Mbuzi mmoja amekufa. Jirani amejenga choo kipya. Alizungumza taratibu, kisha, kwa sauti ileile ya mbuzi na mbaazi, akasema, "Na mtoto niliyemlea aliniambia ataoa. Aliniambia kwa simu. Akanitajia tarehe na kanisa kama mtu anayetangaza mkutano wa chifu, simu ikakatika, hakupiga tena. Kutoka Ukunda mpaka hapa hata saa nzima haifiki. Sikujua mke ni nani. Sikujua ni wa bara. Ningejuaje? Hakuna aliyekuja kukaa kwenye mkeka huu akaniambia."

Nikamgeukia mume wangu.

Kwa hiyo haikuwa mimi. Miezi yote ile nimejichukia kwa jina la baba yangu, nimejifunza kupika wali wa nazi mpaka mikono ikanuka, nimejiona mdogo, na haikuwa mimi! Tsuma aliinamisha kichwa. Alisema aliogopa kuja, kwamba shangazi aliwahi kusema yale maneno ya wabara zamani, akadhani atakataa, basi akaona simu ni nyepesi. Shangazi akasema, "Niliyasema juu ya dereva mmoja wa lori aliyetaka kunigonga." Na Tsuma akalia kama wa darasa la tatu, uso magotini kwa shangazi.

Nimemkasirikia. Naandika hivyo kwa sababu shajara ni ya ukweli. Nimemkasirikia na nampenda, na sikujua mtu anaweza kuvibeba vyote viwili kwenye kifua kimoja kabla hajamaliza wiki ya ndoa.

Tulipofika ufukweni bahari ilikuwa mwamba mtupu, na meli ilikuwa doa. Afisa wa meli amesema kwa simu, kwa hasira ya adabu, kwamba Jumamosi wakirudi watapita kutuchukua, na baiskeli zao zisikwaruzwe.

Nikadhani mshtuko wa leo umekwisha. Haukuwa umekwisha. Shangazi ametutenganisha! Mimi nalala chumbani kwake. Tsuma atalala sebuleni na mpwa mwingine wa shangazi, anayekoroma. Nilipofungua kinywa akaniambia, "Mwanangu, kwangu mimi huyu bado hajaoa. Hajaniambia." Aliniita mwanangu hivyo, katikati ya kunipokonya mume.

Kesho asubuhi, baada ya chai, Tsuma ataingia kwa mlango wa mbele na kupiga hodi. Atakaa kwenye mkeka. Atakunywa maji. Kisha atamweleza shangazi kwamba amepata mchumba: ni nani, ni binti wa nani, alimwonea wapi, na kwa nini yeye na si mwingine. Kila kitu, bila kurukisha. Wazee wawili wa jirani wameshaitwa kusikiliza. Saa hizi yuko nje ameegemea baiskeli, midomo inacheza, anapanga maneno. Nimempungia mkono kutoka dirishani, shangazi akanikoholea.

Mimi nitakuwa nyuma ya pazia la chumba. Miaka miwili ameniambia mengi mimi mwenyewe, usoni, lakini sijawahi kumsikia akieleza habari zangu kwa mtu mwingine.

Atasema nini? Na kwa nini nimeanza kuogopa, mimi ambaye Jumamosi ya harusi sikuogopa hata kidogo?