Gemu Aliyoiacha Sudi Ikiwaka

Shieywe, Kakamega
Julai 1996

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimevua viatu, kana kwamba niko mlangoni kwako pale Majengo na wewe uko kwenye mkeka unachambua mchele. Goti vipi? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori akuletee Mombasa ilifika, au alijichua yeye? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, nafungua duka langu la kutengeneza redio. Mengine utayasikia.

Zuhura dada yangu, najua ni wewe unayemsomea mama, maana msahafu anausoma kama maji ila herufi hizi za skuli hazitaki. Basi kabla hujaendelea, funga mlango. Majirani wakibisha, waambie mama anaoga. Na ukifika mahali sauti ikakukatika, nyamaza kwanza, kisha uendelee mpaka mwisho. Usiruke neno.

Mama, barua uliyomwandikisha Zuhura, ya kunitaka nije kwenye hitima ya Sudi, nimeipata. Umesema kila aliyekuja kukupa pole ulimwambia jambo moja: kwamba Sudi alikufa mikononi mwa nduguye, nikamtamkisha shahada, akaisema yote, akafumba macho. Umesema ndilo linalokupa usingizi. Na sasa unataka nisimame mbele ya watu niwasimulie kwa mdomo wangu. Hayo uliyasikia kwangu, kwenye simu ya kibanda pale posta, wewe unalia na watu nyuma yangu wamepanga foleni. Mama, si kweli. Sikuwepo.

Ngoja nikueleze nilikuwa wapi, na utajuta kunizaa.

Unaikumbuka ile mashine ya gemu ya baharia aliyekuwa mpangaji wetu, ile aliyoitoa Japani, ukatutishia kuitupa chooni? Wenzetu walipenda kaseti za kupiga risasi na kukimbiza magari. Sudi alipenda moja tu, ya kutembea. Vijitu vinne vinazunguka nchi nzima, vinaingia kijiji hiki na kile, vinasema na wenyeji, vinanunua panga na ngao, vinapigana na mazimwi kwa zamu kama wazee kwenye bao, kisha vinatafuta nyumba ya wageni vinalala. Maandishi yote ni ya Kijapani na hatukujua hata moja. Sudi akawa na daftari, anachora zile herufi na kuandika kando: hii iliyo kama ndoana ni dawa, hii kama konokono ni uchawi wa moto, hii kama mtu aliyebeba ngazi usiiguse kabisa. Tulikaa nayo karibu mwaka na hatukuimaliza. Baharia akahama na mashine yake, na Sudi akanuna wiki nzima, ukadhani ana choyo cha chakula.

Basi alipokuja huku kuendesha trekta za miwa kule Mayoni, siku zake za mapumziko alikuwa anakaa kwangu. Mwaka jana mteja mmoja akaniletea dukani mashine ya aina ile ile, kuukuu, imejaa mende, akasema watoto wake sasa wanataka hizi mpya zinazotumia sahani badala ya kaseti, hii nibaki nayo nitoe vipuri. Na kaseti imo ndani. Kuiwasha, mama, ule muziki! Sudi alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini. Mwanamume mzima na ndevu zake, machozi yakamtoka. "Haruni," akaniambia, "safari hii naimaliza."

Sasa sikiliza tatizo. Kaseti ile ina betri ndogo ndani, kama ya saa, na ndiyo inayokumbuka umefika wapi. Betri ilikuwa imekufa. Ukizima mashine, kesho unaanza upya kijiji cha kwanza na kijipanga cha mbao. Na hapa ni Kakamega. Mvua ya huku ina saa zake. Asubuhi jua kali, saa nane mawingu, saa tisa radi, na radi ya hapa inaua ng'ombe malishoni. Ikinguruma mara ya kwanza tu, kila nyumba watu wanakimbilia ukutani kuchomoa nyaya, za tivii, za redio, za pasi, wengine wanafunika hata vioo. Hapo hapo safari ya Sudi inakatika. Alianza upya sijui mara ngapi. Vijiji vya mwanzo akawa anavipita bila kutazama daftari.

Na dawa yake ilikuwa mkononi mwangu. Mimi ni fundi, mama! Betri ninazo, zimejaa mkebe wa maziwa pale dukani. Kufungua kaseti, kubandua ile mbovu, kutia nyingine kwa solda, ni kazi ya dakika kumi. Aliniomba, nikasema kesho. Akaniomba tena, nikasema kesho, redio za watu kwanza. Wala hakukasirika. Akanibandika jina, Bwana Kesho. "Bwana Kesho, leo je?" Nami nacheka, mjinga mkubwa.

Mwezi wa pili kukawa na kiangazi. Akachukua likizo, akaapa hataizima. Tivii alikuwa anaizima, lakini mashine yenyewe aliiacha ikiwaka siku tisa mfululizo. Akafika kwenye ngome ya mwisho, mahali ambapo udogoni hatukuwahi kupaona. Siku ya kumi akaamka anatetemeka. Nilidhani ni malaria ya kawaida, hii iliyokwisha kutuzoea, nikampa vidonge. Kufika adhuhuri anazungumza na ukuta. Nikamkimbiza hospitali, wakaniambia imempanda kichwani.

Siku ya pili akapata nafuu, na hapo ndipo paliponidanganya. Macho yalifunguka, akanywa uji, akaniuliza habari za duka. Saa nane mawingu yakajikusanya, mvua ya kwanza baada ya kile kiangazi. Ikanguruma mbali, upande wa msituni. Sudi akanikamata kola ya shati.

"Haruni, Mama Shikuku ataichomoa."

Mama Shikuku ni jirani yetu, mtu wa kanisa, mwema hasa. Ufunguo wangu anao, na radi ikilia yeye hupita nyumba za wasiokuwepo kuwachomolea nyaya zao.

"Wacha upuzi," nikamwambia. "Wewe mgonjwa."

"Nenda mwambie asiiguse. Bwana Kesho, hili la leo nifanyie."

Nikaenda. Na wallahi nilikwenda kwa furaha, maana mtu anayegombania gemu nilimwona amekwisha pona. Nilikimbia. Mvua ikanikuta njiani, tope likanifika magotini. Kufika, mlango uko wazi na Mama Shikuku amesimama katikati ya chumba, waya uko mkononi, anajifuta uso kwa leso.

"Fundi, nimewahi," akasema. "Hiyo radi imelia vibaya. Mimi huwa nachomoanga zote, hata hii sanduku yenu ndogo. Mgonjwa anaendelea aje?"

Nilikaa kwenye kiti nikikitazama kile kitaa chekundu cha mashine kilichozimika, nikitunga uongo wa kwenda kumpa Sudi. Ningegeuka pale pale nikarudi, ningemkuta. Sikurudi. Nilingoja mvua, ati nisilowe tena. Mama Shikuku akaniletea obusuma, ule ugali wao, na mboga, akaniambia nile nipate nguvu ya kuuguza. Nikala, mama. Nilikula nikashiba. Hilo linanitafuna kuliko mengine yote. Niliporudi hospitali mvua imekatika, na Sudi wamekwisha mfunika.

Tulimzika asubuhi yake. Watu wa huku walishangaa sana. Kwao maiti inangoja hata wiki, mpaka ndugu wa mwisho afike. Mama Shikuku alinivuta kando akaniuliza, "Hata mama yake hajamwona, mnaharakisha nini?" Nikamjibu ndiyo dini yetu. Lakini moyoni niliishukuru ile haraka, Mungu anisamehe, kwa sababu ungefika ungenitazama usoni na ungejua. Kisha nikaenda posta, nikakupigia, nikakuambia niliyokuambia.

Arobaini ilipopita nilitia betri. Haikuchukua hata hizo dakika kumi. Nikalifungua daftari lake nikaanza gemu kijiji cha kwanza, mimi ambaye sikuwahi kuipenda kama yeye. Kila siku nikifunga duka, naketi. Nilijiambia nikifika pale alipofika yeye nitaona alichokuwa anakiona, nitajua kilichomfanya anitume. Nimefika wiki iliyopita. Ni chumba, mama. Chumba cha mawe na ngazi, basi. Nikazunguka kila pembe, hakuna kitu. Nikaendelea mpaka nikaliua zimwi la mwisho, nikaimaliza. Yakapanda maandishi mengi, yanapanda tu, bila shaka yalikuwa yanaeleza jambo, na sikuelewa hata moja. Muziki ukanyamaza, ikarudi mwanzo kabisa, kwenye kile kisanduku cha kuandika jina. Nikaizima. Sina hamu ya kuiwasha tena, na nikuambie kweli, hamu ya vingi imeniisha. Duka nafungua kwa mazoea. Mteja akitamka "nitarudi kesho" natoka nje nisimame kidogo.

Kuna jambo jingine, na hili nimelijua juzi tu. Alikuja dukani mzee mmoja wa Navakholo, Mzee Wekesa, mkata miwa, anachechemea na redio kwapani. Akanitazama sana.

"Wewe ndiye ndugu ya yule kijana wa trekta," akasema. "Mimi nililala kitanda cha pili yake hospitalini. Panga ilinikata mguu."

Nikampa benchi akae. Nikaiweka chini solda.

"Alikungoja," akasema. "Homa ilirudi kwa nguvu. Akawa hata haoni, ananyoosha mkono hivi, anatafuta. Nikaushika. Akauliza, 'Umeikuta inawaka?' Sasa mimi sijui hiyo inawakanga ni nini, nikafikiria labda mliacha jiko. Nikamwambia, 'Ndiyo, nimeikuta inawaka.' Ningesema nini, fundi? Akasema, 'Asante, Haruni.' Hakuongea tena. Nilikaa hivyo na mkono wake mpaka sista akakuja."

Nikamuuliza kama alitamka kitu kingine. Kitu cha Kiarabu. La ilaha, hata nusu yake, hata mdomo kutikisika tu. Mzee wa watu alifikiri sana. Aliona ninavyolitaka lile neno, ningempigia magoti. Akatikisa kichwa polepole.

"Hapana. Yule nilimdanganya kwa sababu alikuwa anaenda. Wewe unabaki, siwezi kukudanganya."

Redio yake niliitengeneza palepale. Kabla ya kuondoka aliniwekea mkono begani akaniombea kwa dini yake, kwa Kiluhya, na mimi nikainamisha kichwa mpaka akamaliza.

Hayo ndiyo yote, mama. Sikukuandikia ili unisamehe. Ukinisamehe sitajua pa kuuweka huo msamaha. Nimekuandikia kwa sababu umeniita nije niseme uongo ule mara ya pili, mbele ya watu na msahafu umefunguliwa, na hilo siwezi.

Nisalimie shangazi anayekukanda goti, mwambie simwoni mwenzake huku kwa mkono mzuri. Nisalimie mjomba wa Kisauni, aliyemfundisha Sudi kuendesha gari, na asijilaumu kwa kumruhusu kuja bara, mimi ndiye niliyemwita. Zuhura, asante kwa kusoma. Mpe mama maji, na wewe unywe. Daftari la Sudi nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kofia yake, nitakuja navyo.

Hitima isomwe, mama. Nitafika siku hiyo na nitakaa uani na wapishi. Ila usiniite mbele. Na kama umekwisha waambia Majengo nzima na huwezi tena kuyarudisha maneno, wakikuuliza usiongeze zaidi ya hili: mwanao alikufa ameshikwa mkono. Hilo ni kweli, alishikwa. Mkono haukuwa wangu.

Mwanao,
Haruni