Upepo wa Gurudumu la Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Pancha tena. Gurudumu la nyuma, lile lile la mwezi jana. Nilikuwa nimebakiza kilomita tisa nifike kwa mfugaji, mtungi wa mbegu za dume za kupandikizia ng'ombe umefungwa nyuma yangu, mara pikipiki ikaanza kutikisa mkia. Nikajua. Nikashuka, nikalitazama tairi lilivyolala, nikalitukana maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Kisha nikapiga simu ofisini waje na gari.

Gari lilikuja baada ya masaa manne. Ng'ombe aliyekuwa ananisubiri alianza joto tangu jana jioni. Tunafika, joto limekwisha, mwenyewe ametulia anacheua, ananitazama kama mtu asiyekumbuka kwamba aliniita. Sasa mpaka siku ishirini na moja nyingine. Mama mwenye ng'ombe hakusema kitu. Afadhali angesema.

Bosi yeye alisema. Hii ni mara ya pili, na gari la ofisi halikununuliwa kubeba pikipiki. Nikipiga simu ya tatu, pikipiki anapewa yule bwana mgeni aliyehamishiwa kwetu juzi, na mimi narudi mezani kuandika rejista. Aliongea kwa upole. Huo upole ndio ulionitisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiwaza rejista kutwa nzima. Nimeshaiandika miaka sita, naijua. Ng'ombe wa kwenye karatasi hawapumui, hawakupigi mkia wa uso, hawana lolote. Halafu nikapewa pikipiki hii. Ndefu, nikisimama nagusa chini kwa vidole tu, matairi ya meno, lami inakwenda, matope inakwenda, haina maringo. Wafugaji wakisikia mlio wanaambiana, "Fahali kafika." Mwanzoni niliona haya. Siku hizi naitika.

Kuiacha hii? Siwezi.

Baba watoto anasema kwani nimemsahau mdogo wake. Ana banda la kuziba pancha, ana miaka kumi na kitu humo. Sijamsahau! Shemeji yule hajawahi kunisalimia bila kunichokoza. Nimesema nitafikiria. Nitaenda, lakini nimwambie nini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda. Kabla sijavua kofia ya pikipiki ameshaanza.

"Shemeji, leo umekuja kuniona mimi au umeniletea mgonjwa?"

Nikamweleza yote, mpaka ile habari ya simu ya tatu. Nilitegemea achukue spana. Yeye kachukua kigoda, kakaa, kanisukumia vyuma vya kufungulia tairi kwa mguu.

"Haya. Fungua."

"Mimi?"

"Huko porini nitakuwepo mimi?"

Nimefungua. Nati ya ekseli peke yake ilinitoa jasho mpaka kwenye kope. Tairi lilikataa kutoka kwenye rimu, mimi navuta huku, lenyewe linarudi kule. Akanifundisha kulipigia goti: goti linasukuma ukingo wa tairi uingie katikati ya rimu, kule kwenye bonde, ndipo upande wa pili unalegea. Ni kweli. Linalegea lenyewe, unaona aibu ulivyokuwa unapigana nalo.

Nikaweka tyubu mpya, nikarudisha tairi kwa vyuma, nikajaza upepo, nikajisifu. Ikatoa sauti ndogo, fyuuu. Nimeitoboa kwa chuma changu mwenyewe! Shemeji hakucheka. Aliangalia pembeni muda mrefu sana.

Jumamosi, 8 Machi

Mara ya pili. Dakika hamsini, tyubu nzima. Shemeji kasema kwa dakika hizo angekuwa ameshafunga banda na kwenda kulala, lakini nimemwona alivyoridhika.

Niandike kabla sijasahau. Vyuma visizame sana, kidogo kidogo tu, na kipande cha mwisho cha tairi kiingizwe kwa mikono na maji ya sabuni, siyo kwa chuma. Tyubu itiwe upepo kidogo kabla ya kuingizwa, isijikunje. Nati ya valvu isikazwe mpaka chini, iachwe huru, maana valvu ikianza kuinama inakuambia tyubu inateleza ndani, na ukiikaza hutaambiwa kitu mpaka ing'oke. Na lililo kubwa kuliko yote: ukishatoa tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi, pole pole, duara nzima. Kilichotoboa huwa bado kimo. Alinichomekea kipande cha mwiba makusudi anione kama nitapitisha. Sikupitisha. Akanirudisha mwanzo.

Vidole vinauma. Baba watoto kaosha vyombo bila kuombwa.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimejua ukweli, na ukweli wenyewe ni mimi.

Shemeji alikuja nyumbani kunywa chai, akaniuliza kama zile tyubu mbili za zamani nimezitupa. Zilikuwa stoo. Akazijaza upepo, akazizamisha kwenye beseni la kufulia, akaniita. Kila tyubu mapovu yanatoka sehemu mbili, matundu mawili madogo, yamekaa sambamba kama macho.

"Huu siyo mwiba, Shemeji. Mwiba hautoboi mara mbili sawa sawa namna hii. Rimu imeibana tyubu kwenye jiwe. Unaendesha na upepo kiasi gani?"

Nikajitia kufuta maji yaliyomwagika kando ya beseni.

"Shemeji."

Kumi na tano, nikasema. Inatakiwa thelathini. Huwa naupunguza mwenyewe kila asubuhi kabla sijatoka, kwa ajili ya mtungi. Mtungi ule una ubaridi wa kuunguza ngozi, ukitikiswa sana unapoteza ubaridi, na mbegu zikishapata joto ni za kumwaga. Tulipofundishwa kazi tuliambiwa tuubebe kama mtoto mchanga. Sasa mimi na kiherehere changu nikaona dawa ni kulainisha tairi. Na kweli mtungi ulikaa vizuri. Mawe ndiyo yaliyonikomesha.

Alicheka akashika ukuta. Baba watoto naye akacheka, yeye ambaye hajui hata upepo unaingilia wapi. Nikasubiri wamalize, mwishowe nikacheka na mimi, ningefanyaje.

Walipotulia Shemeji akaomba godoro bovu na kisu.

Jumatano, 12 Machi

Upepo thelathini kamili. Mtungi umekaa kwenye vipande vitatu vya godoro, umefungwa kwa mikanda ya tyubu kuukuu iliyokatwa katwa, unanesa wenyewe juu ya kiti. Nimepita ile barabara ya kokoto mwendo wa kawaida. Nimefika, nimepima ubaridi ndani ya mtungi, uko pale pale.

Ng'ombe watatu leo. Mmoja kanipiga teke la goti, nimemsamehe. Nimerudi naimba ndani ya kofia, na humo naimba vizuri sana.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna pancha. Kucha nyeusi, hazitakati hata kwa limau. Nimezionyesha kwa binti yangu kama pete mpya, akasema mama, tafadhali, mbele ya watu ficha.

Jumatatu, 17 Machi

Dereva wa ofisi ndiye mtu anayejua habari kabla hazijatokea. Ameniambia leo, huku anafuta kioo, kwamba Bosi amemuuliza kama yule bwana mgeni anajua kuendesha pikipiki. Dereva akamjibu hajui. Kumbe anajua. Mchana nimemkuta mwenyewe uani, amekaa juu ya pikipiki yangu, miguu yote miwili imekanyaga chini barabara, visigino na vyote.

Akanisalimia vizuri. Mtu mstaarabu. Akasema alitaka tu kujua urefu wake. Nikamwambia karibu, na roho ikaniuma kama mtoto aliyeporwa chungwa.

Nimekwenda kununua vitu: tyubu ya akiba, viraka, gundi, kipande cha msasa, pampu ya mkono, kipimo cha upepo, spana na vyuma vya tairi vyangu mwenyewe. Vyote vimeingia kwenye mfuko mmoja chini ya kiti.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nimeteleza mara mbili, sikuanguka hata moja. Shemeji amenipigia kuulizia afya ya tairi. Yangu hakuuliza.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika nimekaa chini kando ya barabara. Gundi inataka dakika tano bila kuguswa na mimi mikono haijui kutulia, kwa hiyo bora nishike kalamu. Ukurasa umechafuka, basi.

Yule mama wa siku ile kapiga simu alfajiri. Ng'ombe wake ameanza kulia na kupanda wenzake, siku ishirini na moja bila kukosea. Kuanza alfajiri maana yake nimpate leo kabla ya jioni. Sasa ni saa saba mchana, nimebakiza kilomita kumi na mbili. Muda upo. Upo, nisijitie presha.

Msumari. Siyo jiwe, siyo upepo, safari hii sina kosa. Msumari wa bati, umeingia mpaka kichwani. Nimefungua gurudumu mwenyewe, nimelipigia goti, nimepitisha kitambaa duara nzima. Nikaingiza tyubu ya akiba, na hapo nikataka kwenda haraka. Kipande cha mwisho cha tairi badala ya mikono nikatia chuma. Fyuuu. Yaani nimekaa chini nikajitazama. Tyubu mpya kabisa, na tundu lake haliwezi kuzibika, limechanika pembeni ya valvu.

Imebaki hii ya zamani yenye tundu la msumari. Nimeikwaruza kwa msasa, nimepaka gundi. Kama kiraka hakikushika sina kingine ila simu.

Bado dakika tatu.

Gari limetokea! La ofisi, Dereva peke yake, anatoka kupeleka dawa upande wa pili. Kasimama, kashusha kioo, kaangalia vyuma vilivyotapakaa, kaniangalia uso.

"Mama, panda. Hii tunaitupa nyuma, nakupeleka kwa ng'ombe, nakurudisha. Simu hukupiga, mimi nimekuokota tu. Bosi hatajua, na akijua hana neno."

Ni kweli, hana neno. Nimeitazama hesabu hiyo, haina kasoro. Kiti cha mbele kitupu, mtungi ungekaa mapajani kwangu.

Nimemwuliza kama kesho naye atapita hapa. Akasema kesho anaenda kwingine. Basi, nikamwambia, nenda tu.

Akadhani sijaelewa, akarudia. Nimeelewa. Nikipanda leo, kila nitakapopata pancha nitaangalia kwanza barabarani kama gari linakuja, ndipo nishike spana. Sikumwambia hivyo, nilimwambia gundi iko karibu kukauka. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema sina. Akatikisa kichwa, akaniachia chupa yake ya maji, akaondoka taratibu sana, anachungulia kwenye kioo cha pembeni.

Nimebandika kiraka, nimekikandamiza kwa mpini wa spana mpaka mkono umekufa ganzi. Tyubu imeingia. Tairi limeingia, lote, kwa mikono na maji ya Dereva, vyuma nimeviweka mbali nisivione. Pampu nimepiga mia moja na zaidi, katikati nilipoteza hesabu. Ukingo umepanda kwenye rimu kwa mlio mkubwa, nikaruka.

Kipimo kinasema thelathini. Shemeji alinifundisha kungoja dakika kumi, halafu upepo upimwe tena kuona kama kiraka kimeshika, ndipo uondoke.

Yule mama kapiga sasa hivi. "Fahali, uko wapi? Wala hatulii huyu." Nimemwambia niko njiani, namaliza kilomita kumi na mbili.

Zimepita dakika nne. Kofia nimeshavaa, lakini sita zilizobaki nazingoja.