Filamu ya Shangazi Zeyana

Tunguu, 2 Septemba 2024

Shangazi Zeyana,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini nataraji moyoni umeitikia. Magoti yanasemaje, na ile sukari imeteremka? Sisi huku Tunguu hatujambo, tunapigana na mbu tu.

Huu mwaka wa sita tangu ulipoapa kwamba hutasema nami kwa kinywa chako. Kosa ni langu. Nilipoandika riwaya yangu ya kwanza ya kutisha nikamtia jini wa kike akaaye ghorofa ya juu, anayeteremsha kikapu kwa kamba dirishani ili anase watoto, sikufikiri kwamba Mji Mkongwe mzima utainua macho kwenye dirisha lako. Nilisikia muuza mikate alikuwa akitia mkate kikapuni huku kafumba macho. Nisamehe tena, kwa mara ya arubaini.

Kuandika hukuapia. Ndiyo maana barua hii naitia kwenye kikapu hichohicho.

Shida yangu ni hii. Jarida moja la vitabu limeniomba orodha ya vitabu na filamu kumi zilizonitisha kuliko zote, na mhariri wake, Bi Sumaiya, anataka niisome mbele ya watu kwenye ukumbi wa maktaba, Jumamosi tarehe 28, alasiri. Tisa ninazo, nimezifunga pamoja na barua hii. Ya kwanza kabisa, iliyonifanya nikawa mwandishi, ni ile filamu ya Kihindi uliyoiona usichanani mwako kwenye maonyesho ya wanawake peke yao, ukaja kutuhadithia jikoni sisi watoto. Bibi harusi anapelekwa kwenye nyumba ambayo ngazi zake ukipanda ni ishirini na mbili, na ukishuka ni ishirini na tatu. Nilikuwa na miaka minane. Mpaka leo nikishuka ngazi yoyote natangulia kunyoosha kidole cha mguu. Riwaya yangu yote imetoka humo, na kwenye utangulizi nilisema hivyo, nikazishukuru sinema.

Sasa Bi Sumaiya anataka jina la filamu na mwaka wake. Katafuta kila pahala hakuipata, na ameanza kunitazama kama muongo. Nikikosa jina, nitasimama mbele ya watu na kitabu kizima ambacho siwezi kusema kimetoka wapi. Inaitwaje, Shangazi?

Mwanao,
Jamil


Mji Mkongwe, 4 Septemba 2024

Jamil,

Marahaba. Imeandikwa, haikusemwa, kwa hivyo kiapo changu ni kizima. Magoti ni magoti ya miaka sabini. Sukari inapanda na kushuka bila ya kuhesabu ngazi.

Orodha yako nimeisoma mara mbili. Ile familia iliyonunua nyumba iliyokaa tupu miaka thelathini, wakaingia moja kwa moja na makochi yao: hawakumuuliza hata jirani? Hawakusoma maulidi? Kwa ubani wa kiganja kimoja filamu hiyo ingekwisha watu hawajakaa vizuri. Kile kitabu cha kijiji ambacho mbwa wake wote wameacha kubweka, sikuona cha kutisha, mimi ningeshukuru. Na yule aliyevaa koti la maiti likamsumbua, apelekwe sokoni Mwanakwerekwe akaone mitumba. Kila koti pale lina mwenyewe, na watu wanalala usingizi wao.

Jina la filamu nimelisahau. Wahindi wana majina marefu.

Visheti vilivyomo kikapuni ni vya mkeo. Wewe usile.

Shangazi yako,
Zeyana


Tunguu, 9 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, na visheti vimefika. Nilikula viwili, nisamehe na hilo.

Wewe kusahau? Unakumbuka rangi ya viatu nilivyovaa siku ya kutahiriwa! Nimekwenda kwa Bi Khawla, maana ulikuwa ukituambia kila onyesho mlikaa bega kwa bega. Nikamuuliza filamu ya ngazi. Akaniambia, "Ngazi zepi, mwanangu? Ile ilikuwa ya nyoka."

Mmoja wenu kakosea. Tafadhali nisaidie. Bi Sumaiya kanipigia simu mara tatu.

Mwanao,
Jamil


Tunguu, 16 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Nauliza kwa dhati safari hii. Wiki nzima hakuna jibu. Jana nimesimama chini ya dirisha lako nusu saa, kikapu kikateremka na mkate mmoja wa mofa, barua hamna. Niliuona mkono wako tu. Kama nimekukera kwa kumtaja Bi Khawla, sema. Yaani, andika.

Mwanao,
Jamil


Mji Mkongwe, 18 Septemba 2024

Jamil,

Marahaba. Mzima, Alhamdulillahi, ila sina usingizi.

Hakuna filamu.

Ilikuwa mwaka sabini na mbili, nina miaka kumi na minane. Baba alikataa wiki tatu, mama akamlainisha, nikaruhusiwa kwenda onyesho la wanawake la alasiri. Taa zilipozimwa, mlango ukalia kwenye pazia la picha, na hapohapo nikalivuta buibui langu usoni. Sikulitoa mpaka wimbo wa mwisho. Nilisikia mtu anapanda ngazi, nikahesabu ili nisipige ukelele: ishirini na mbili. Akashuka: ishirini na tatu. Pengine nilikosea kuhesabu. Lakini mle ndani ya buibui sikuwa na kazi nyengine, nikawa najiuliza ile ngazi iliyozidi ni kitu gani. Nikajijibu mwenyewe kwamba ni mtu, kalala, anangoja kukanyagwa.

Tuliporudi, wanawake waliozuiwa majumbani walinizunguka. Ikawaje, Zeyana? Ningewaambia nini, kwamba ilikuwa nyeusi tangu mwanzo hadi mwisho? Nikawahadithia. Wakataka tena. Basi kila mwezi nikenda, kila mwezi nikajifunika, na kila mwezi nikarudi na hadithi. Mji mzima unanijua kwa hilo, Zeyana wa sinema. Kumbe ni Zeyana wa buibui.

Na nikwambie la pili, maana kalamu ishafunguka. Yule jini wako hakunikasirisha. Jini nilimpenda, ana heshima zake na meno mazuri. Kilichoniuma ni utangulizi. Nilikuwa nakuna nazi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nakushika wewe usikimbie uwani kwa hofu, ukaja kushukuru sinema! Nililia, mwanangu. Na sikuweza kumwambia mtu kwa nini, kwa sababu nikisema hadithi ni yangu, nimekiri kuwa nimewadanganya watu miaka hamsini na mbili. Watu wazima wenzangu watanicheka mpaka kaburini. Ndipo nikaapa kwa kisingizio cha jini, kwani hilo kila mtu alilielewa.

Usimwambie mtu. Huyo Sumaiya mwambie filamu imeungua.

Shangazi yako,
Zeyana


Tunguu, 20 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nimesoma barua yako nikacheka mpaka mke wangu akaja kutazama, na alipofika akanikuta nalia.

Basi nimekuibia, na mwizi alidhani kaokota. Miaka yote hii naulizwa nani alinifundisha kazi, nawatajia Wahindi ambao hawajapata kunisikia. Naona haya kwelikweli.

Nami nikupe siri yangu. Zile filamu kwenye orodha nimeziona sauti ikiwa imezimwa. Siwezi kuzisikia, natetemeka. Tungekaa pamoja, wewe na masikio yako na mimi na macho yangu, tungepata filamu moja nzima.

Kusema uongo kwamba imeungua siwezi, na jina lako sitalitaja bila ya ruhusa yako. Nitasema tu kwamba ya kwanza haina jina, kisha niihadithie kama nilivyoisikia. Njoo, ukae nyuma kabisa. Naogopa kidogo. Miaka arubaini ni mingi, huenda pahala pengine nimesahau, na hakutakuwa na mtu wa kunisahihisha.

Mwanao,
Jamil


Mji Mkongwe, 30 Septemba 2024

Jamil,

Marahaba, ingawa hustahiki. Mimi mzima, sauti tu imekauka, na aliyeikausha ni wewe.

Ulifanya kusudi. Ulisema bibi harusi alipopanda ngazi zilikuwa ishirini na tatu na aliposhuka ishirini na mbili. Mtoto wa miaka minane hakosei hapo! Nikajizuia, nikaushika mkoba wangu. Ukanywa maji. Kisha ukasema pale kwenye ngazi alilala nyoka. Nyoka! Nilisimama kabla ya magoti kuniuliza.

"We Jamil! Nyoka katoka wapi? N'lokwambia ni mtu! Na akishuka ndo ishirini na tatu!"

Na wewe, mbele ya watu wote, bila ya haya: "Naam, Shangazi."

Mhariri wako akaniuliza kwa adabu kama filamu hiyo niliiona. Safu ya pili alikaa Khawla, kageuka ananitazama. Nikasema, "Sikuiona. N'meitunga." Nilingoja kicheko. Hakucheka mtu. Yule binti mhariri akavuta kiti chake karibu, akasema, "Tuhadithie, Bibi." Nikahadithia, na mwanamume mmoja mwenye ndevu nyingi akatoka nje kwa hofu. Nimefurahi, Jamil. Sikujua kwamba nina furaha nyingi hivyo imekaa tu.

Sasa sikiliza la leo asubuhi. Khawla kaja, kakaa, hakunywa hata kahawa. "Zeyana," kanambia, "kumbe na wewe?" Alijifunika buibui! Yule nyoka wake ni mashine ya filamu tu, ilikuwa ikifanya sss, sss. Miaka hamsini na mbili tunabishana, ngazi, nyoka, na hakuna aliyekuwa na macho. Tukavaa, tukazunguka kwa wote waliokaa safu yetu na walio hai bado. Ni saba. Wote walijifunika. Mmoja mpaka leo anaamini ilikuwa ya mapenzi na iliishia vizuri. Jaribu kumuandikia hiyo Bi Sumaiya kwenye jarida lake.

Kiapo changu nimekivunja, na kafara yake unaijua, ni kulisha maskini kumi. Kufunga siku tatu sukari hainiruhusu. Basi njoo Ijumaa, tarehe 4, mapema kabla ya sala. Utapika wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyenivunjisha. Mimi nitakaa kwenye kigoda na kusema. Nina maneno ya miaka sita, na pilau la watu kumi haliyatoshi. Uje na huo utangulizi wa toleo jipya, unisomee kwa sauti. Panapotajwa sinema, ufute.

Usisimame chini kungoja kikapu. Mlango uko wazi, panda. Ngazi zangu ni ishirini na mbili, umezipanda tangu utoto wako. Kushuka nitakusindikiza mwenyewe, nikushike mkono, tuhesabu pamoja.

Shangazi yako,
Zeyana