Darasa la Viatu

Dada Mwalimu,

Huku wazima. Viatu vyangu vya mtumba vinatoka, ila leo mvua imenifungia ndani, na wateja wameamua kutembea peku ili wanikomoe.

Uliponipigia simu kutoka huko mafunzoni nilikuchekesha tu. Wakufunzi wamekuambia ukiuliza swali unakaa kimya mno, darasa linalala. Na wewe unasema Jumatatu unamwambia mwalimu mkuu kwamba unaacha kazi.

Sasa sikia. Mchana huu nimesinziasinzia, mvua inaimba kwenye bati, kufumbua macho nikamwona binti yangu kapanga viatu vyote sakafuni, anafundisha. Akaiuliza raba moja, "Tatu na nne ni ngapi?" Halafu akanyamaza, akaitazama kwa upole kama ina roho.

Nikamwambia, "Mama, hiyo haijibu, hata soli yake imeshakata tamaa."

"Baba, usiiharakishe, inafikiri. Shangazi alikuwa ananingoja hivihivi mpaka nipate."

Dada, mtoto huyu kabla ya kuja darasani kwako hakuwa anafungua mdomo shuleni. Wakufunzi wakikupa jipya, chukua. Lakini ukimya wako usiwaachie.

Nimeshuka sakafuni, tunangoja wote. Raha yake ni kama kuelea.

Jumatatu kwa mwalimu mkuu nenda, msalimie, kisha urudi darasani.

Mdogo wako,
mwanafunzi wa nyuma, kati ya raba na kandambili.