Matofali Arobaini

Ruashi, Elisabethville
2 Agosti 1962

Kaka yangu Kasimu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, umeshiba, na hakuna mtu anayekuita ukapime samaki. Mgongo wako umepona? Wifi yangu Habiba amejifungua salama? Madereva wanasema maji ya Luapula yamepungua mwaka huu na samaki wamekuwa wadogo kama vidole. Ndiyo maana furushi ulilonitumia lilikuwa na mifupa mingi kuliko nyama. Nakutania tu. Tulikula, tukashukuru.

Huku tunaishi. Bendera ni ile ile ya Katanga yenye misalaba ya shaba, na kila wiki tunaambiwa vita vitarudi, kisha havirudi, nasi tunarudi sokoni. Mimi bado nashona.

Barua yako nimeipata. Unasema baada ya Maulidi utakuja na lori kumchukua mdogo wetu Feruzi, kwamba chumba nyuma ya ghala la samaki kiko tayari, mlango wake ni wa chuma, na kwamba mimi mjane nimebeba mzigo huu vya kutosha. Nimeisoma mara tatu. Najua umeiandika kwa huruma. Sasa nawe soma yangu mpaka mwisho, hata kama unajua kwamba dada yako ana maneno mengi.

Ulipomshusha kwenye lori mwaka jana mwezi wa tano, uliniachia na kufuli, ukaniagiza nimfungie ndani kila akipanda. Kupanda kwake unakujua: hali, halali, maneno hayakatiki, anagawa vitu vya watu. Na kushuka kwake unakujua: anageukia ukuta, wiki nzima hanawi uso. Siku zile alikuwa ameshuka. Kisha asubuhi moja mwezi wa sita akatoka nje, akaona ukuta wa uani kwangu umebomoka, akavua viatu na kuanza kukanyaga udongo wa matofali. Nilifurahi mno, kaka! Siku ya kwanza alitoa matofali sitini, ya tatu mia mbili, ya sita mia tatu. Nikampikia bukari ya mahindi, nikamsifu. Jirani yangu Chomba akasema mwanaume wa namna hii hapatikani Ruashi nzima. Hatukujua kwamba tunachochea moto. Siku ya tisa alibomoa ukuta wa Chomba, ukuta usio na kosa lolote, ili aujenge upya vizuri zaidi. Siku ya kumi na mbili alianguka, akalala wiki sita. Kosa lile lilikuwa langu. Niliona jasho nikadhani ni afya.

Aliyetufumbua macho ni Antoine, muuguzi Mkasai aliyekuwa akipanga nyumba mtaa wetu. Alikaa na Feruzi muda mrefu, halafu akanieleza kwamba aliwahi kuwahudumia watu wa namna hii, na kwamba waliokaa sawa zaidi ni wale walioutumia mwili wao kila siku kwa kipimo kile kile. Akauliza mtu asiye na haraka hutengeneza matofali mangapi kabla ya adhuhuri. Mume wa Chomba akasema themanini. Antoine akagawa kwa mbili. Akasema akipanda, arobaini, hata kama anaweza mia tatu. Akishuka aanze na matano, hata kama analia, lakini aanze, na mtu aanze naye.

Ilionekana rahisi. Jaribu wewe! Siku za kushuka niliingia kwenye udongo naye, gauni nimelifunga kiunoni, mjane mzima, watoto wa mtaa wananicheka. Kwake mimi bado ni yaya, dada mkubwa; akasema, "Yaya, miguu iko nzito sana." Nikamwambia tukanyage nayo nzito hivyo hivyo. Tulitoa matano, kesho matano, keshokutwa saba. Na siku za kupanda ilikuwa shida zaidi. Akifikisha arobaini nilichukua kalibu ya kufyatulia matofali na kuikalia. Ndiyo, niliikalia! Alizunguka akifoka kwamba mimi ni adui wa maendeleo ya Katanga, nami nikakaa pale pale mpaka akachoka kunitukana akaenda kuoga. Usiku huo alilala. Kaka, nilisimama mlangoni nikamtazama akikoroma, nikasema Mungu mkubwa.

Septemba vita vilipoanza, Wakasai, waliokuwa wakiwindwa kama wageni, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa. Antoine alipita mlangoni kwetu na godoro kichwani, mkewe nyuma yake. Nilidhani amekuja kuaga. Aliuliza tu kama arobaini ya leo yamekwisha. Baadaye tulisikia wamesafirishwa kwenda Kasai, na mpaka leo sijapata habari zake. Kila nikimkumbuka nashangaa: mtu anafukuzwa mjini, na bado ana nafasi kichwani ya matofali ya mtu mwingine.

Mvua zikaja, udongo haukauki tena, tukabadilisha kazi. Badala ya matofali ikawa kutembea mpaka relini na kurudi, kila asubuhi, si zaidi. Ikaja Desemba na mabomu yake. Tulijifungia nyumbani kwangu: mimi, Chomba na wanawe wawili, na Feruzi ambaye alikuwa ameshuka, uso ukutani. Siku ya tatu, mchana, mlio mmoja ulitikisa bati lote. Nikamwona anainuka. Niliogopa kwamba anataka kutoka nje. Hakutoka. Alianza kuizunguka meza polepole, mkono mmoja juu yake, midomo inahesabu. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu, bila kusimama, kwamba leo hatujaenda relini. Baada ya muda mtoto mdogo wa Chomba akatoka akamfuata, halafu na mwenzake, wakawa watatu, wanazunguka huku bati linalia. Mimi mwenye akili timamu nilikuwa chini ya meza.

Sijaona kitu kama kile maishani mwangu.

Sitakudanganya kwamba amepona. Tangu hapo amepanda mara mbili na kushuka mara tatu. Juni alimpa mpita njia shati lake jipya. Lakini hakuna safari iliyomchukua mbali kama ile ya kwanza, na majirani sasa wanamwita kwa jina lake. Lile kufuli uliloniachia sijalitumia hata siku moja, ingawa niliandika kwamba nalitumia. Nilikudanganya, nisamehe.

Lakini hilo ni dogo. Kuna jingine, na kalamu inakataa.

Unaikumbuka barua yangu ya mwezi wa tatu? Ulinijibu kwamba mwandiko wangu umenyooka siku hizi. Haukuwa wangu, kaka. Aliiandika Feruzi. Mimi sikuweza kushika kalamu. Februari nilishona magauni kumi na saba kwa siku nne, magauni ambayo hakuna mtu aliyeyaagiza. Nilikuwa nikicheka peke yangu, sihitaji usingizi, najiona malkia wa Ruashi. Kisha nikaanguka. Hakufa mtu, sikugombana na mtu. Nililala tu nikageukia ukuta, nikamkumbuka marehemu mama, zile wiki alizokuwa akijifungia na baba akituambia anaumwa kichwa. Nadhani nawe unakumbuka.

Feruzi hakuniuliza kitu. Alikuja asubuhi, akapiga magoti, akanivalisha viatu, akasema, "Lamuka, yaya. Leo ni mpaka ku mulango tu." Hatua sita. Nilizifanya nikilia, nikarudi kulala. Kesho yake mlangoni tena. Hakuongeza upesi, hakunisifu kupita kiasi. Siku ya kumi ilikuwa mpaka robine, bomba la maji la mtaa. Mwezi wa nne tulifika relini. Yeye mwenyewe alikuwa anashuka wakati ule, niliona jinsi alivyokuwa akiuburuta mguu, lakini hakukosa asubuhi hata moja. Nilikuwa nikimtazama kisogo chake mbele yangu njiani, nikajiuliza huyu mtu tulitaka kumfungia nini.

Wewe unadhani nimembeba, na watu wote hapa wanadhani hivyo. Bila yeye ningekuwa bado nimelala.

Kwa hiyo njoo, kaka, nyumba ni yako. Ukija na miguu yako tu, tutakuamsha asubuhi uende nasi, na mgongo wako utashukuru. Lakini ukija kumchukua Feruzi umfungie, acha nafasi ya watu wawili kwenye lori, maana ugonjwa wake ndio wangu, na kama dawa yake ni mlango wa chuma, basi na mimi nautaka.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, kama amekwisha zaliwa. Msalimie Habiba na wote wa Kasenga wanaotuuliza. Feruzi anakusalimu, yuko uani, amefika ishirini na sita.

Mdogo wako, ambaye sasa unamjua,

Feza