Mchumba Aliyesema Nilizaliwa Jumatano

Mpendwa Maame Dufie, naomba msaada wako, ingawa hapa Konongo anayeombwa msaada ni mimi, machifu wakiwamo, maana Ghana na mimi tulizaliwa siku moja, tarehe sita Machi 1957, na bendera ilichelewa kupanda ikisubiri kwanza mimi nilie.

Sasa mpwa wangu Serwaa kapata mchumba, Boadi, muuza matairi, na Jumamosi wazee wake walikuja naye kugonga mlango, yaani kuposa, na chupa zao mbili za pombe kali, nami kama mjomba, wofa kwa lugha yetu, nikawapokea, nikawasimulia habari ya bendera, mara kijana akatazama dari, midomo ikimcheza, akasema, "Wofa, mbona siku hiyo ilikuwa Jumatano? Mtoto wa Jumatano huitwa Kwaku. Wewe hili jina la Kwasi, la Jumapili, umelitoa wapi?"

Dada yangu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza. "Umepekua sanduku langu?"

"Hapana, Wofa. Mwaka ukiukata kwa wiki inabaki siku moja, mwaka mrefu mbili, basi narudi nyuma taratibu. Shuleni hesabu zilinishinda. Hizi nazicheza tu, kama drafti."

Maame, mtu anachezea siku niliyozaliwa! Akishaingia ukoo huu atafukua nini tena? Nikawarudishia chupa zao, na sasa Serwaa hasemi nami, chakula ananipitishia dirishani, na wazee wa Boadi wanasema Pasaka ikipita watagonga kwingine. Huyo si mchawi kweli?

Halafu hili usilichapishe. Nilijaribu hesabu yake kwa punje za mahindi nimuumbue, ikatoka Jumatano, nikajaribu ya mke wangu, ya kasisi, na juzi mazikoni jeneza lilinipita sina habari, natafuta siku aliyozaliwa marehemu. Ni tamu, Maame.

Wofa Kwasi Amponsem

JIBU

Wofa, pole. Kuchekwa na dada mbele ya wakwe kunauma. Hilo la mwisho nimelichapisha kwa sababu ndilo la kweli pekee katika barua yako.

Mchawi gani anayekuachia uchawi wake ukaujaribu kwa mahindi jikoni, ukakujibu vilevile? Hesabu haina mwenyewe. Inamjibu yeyote anayeuliza, hata mtu mkaidi kama wewe. Unachoogopa ni kuumbuliwa, na kwa hofu hiyo unataka binti wa watu akose mume. Aibu!

Kesho asubuhi nenda kwa Boadi mwenyewe, usitume mtu. Mwambie mlango uko wazi, chupa zirudi. Serwaa mwombe radhi uso kwa uso, achana na dirisha. Kisha mkalishe mkweo karibu nawe, mshindane miaka migumu, maana umepata mwenzako wa kucheza naye na ulikuwa unamfukuza.

Nami nimehesabu, nyuma ya karatasi ya sabuni. Jumapili ya karibu ilikuwa tarehe tatu, siku tatu kabla ya bendera. Bendera inapanda, wewe ulishalia ukanyamaza, umelala.