Ile Taa ya Mlima wa Nuu

Mpenzi Baba Kavindu,

Habari ya Emali? Kavindu anaota meno, halali, na mimi silali. Yule mbuzi mwekundu amezaa.

Umesema tusipande mpaka pasta aombee ile taa yenye mkia iliyopita juu ya mlima. Mwalimu Kitonga anasema ni kimondo tu, jiwe la angani linalowaka likianguka. Lakini mama yako alificha mbegu, eti taa kama hiyo ilionekana akiwa msichana, na njaa ikafuata.

Nikamuuliza, “Mama, mwaka huo mvua haikunyesha?”

“Ilinyesha sana! Lakini nani angepanda? Tulijifungia ndani tukiomba.”

“Sasa njaa ililetwa na taa ama na shamba tupu?”

Akasema, “Wewe msichana wa Tawa una mdomo,” akanitolea mbegu za pojo.

Maombi sikatai, naomba nikipanda. Tumeanza leo, udongo ukiwa bado mkavu, kabla ya mvua, kama tunavyofanya kila mwaka, mtoto mgongoni. Usikasirike kwamba sikungoja ruhusa yako. Nakupenda sana, lakini mtoto wako hatalala njaa kwa sababu ya jiwe.

Mimi wako,
Ndinda